Kijana Anapohojiwa na Kompyuta Kuhusu Unyogovu: Yale Mzazi Anafaa Kujua

Msichana wa kidato cha pili ameanza kubaki nyuma darasani. Muhula uliopita alikuwa wa kwanza kuinua mkono katika somo la hisabati. Sasa akiulizwa swali huangalia dirisha. Nyumbani anakasirika upesi, chakula anakigusa tu, na kwaya ya kanisa aliyoipenda ameiacha bila kueleza sababu. Bibi yake anasema ni ujana. Baba, anayefanya kazi Nairobi na kurudi mwisho wa mwezi, anasema kwa simu kwamba ni uvivu. Mama amempeleka kwa maombi mara mbili. Wote wanampenda. Hakuna aliyemuuliza kama amewahi kufikiri kwamba ingekuwa heri asiwepo.

Mtoto huyu ni wa mfano tu, ila walimu na wauguzi wa wadi ya Matinyani, na wa kaunti nzima ya Kitui, hawatapata taabu kumtambua. Swali ambalo hakuulizwa ndilo linalowashinda watu wazima wengi. Mzazi huogopa kuliuliza kwa kudhani kwamba atampa mtoto wazo ambalo hakuwa nalo. Utafiti wa miaka mingi hauungi mkono hofu hiyo. Kumuuliza mtu kwa upole kuhusu mawazo ya kujiua hakumsukumi kujiua, na wengi hupata nafuu kwa kuwa hatimaye kuna aliyeuliza.

Katika nchi nyingi, Kenya ikiwemo, maswali ya aina hiyo sasa huulizwa pia kwa msaada wa kompyuta, kishikwambi au simu ya mkononi. Makala haya yanaeleza jinsi mahojiano hayo yanavyofanya kazi, yanasaidia wapi na yanakomea wapi, ili mzazi atakayeletewa fomu ya idhini kutoka shuleni au kituo cha afya ajue anatia sahihi kitu gani.

Dalili tisa, majuma mawili

Unyogovu, ambao wengine huuita sonona au msongo wa mawazo, ni ugonjwa. Huzuni ya kufiwa au ya kuanguka mtihani huja kwa nguvu kisha hupungua siku zinavyokwenda, unyogovu hukaa. Mwongozo wa DSM-5, unaotumiwa na madaktari wengi duniani, unataka dalili tano au zaidi kati ya tisa, ziwepo karibu kila siku kwa muda wa majuma mawili au zaidi. Angalau mojawapo lazima iwe moyo kuwa mzito au kupotewa na hamu ya mambo ambayo mtu aliyapenda. Zilizobaki ni usingizi kupotea au kuzidi, hamu ya chakula au uzani kubadilika, uchovu, mwili kuwa mzito au kukosa utulivu, kujiona hafai au kujilaumu kupita kiasi, akili kushindwa kutulia kwenye jambo moja, na mawazo ya kifo. Tena dalili hizo ziwe zimeharibu masomo, kazi au uhusiano wake na watu.

Kwa watoto na vijana kuna tofauti moja ambayo familia nyingi hazijui: badala ya huzuni, kinachoonekana kinaweza kuwa hasira. Mvulana anayegombana na kila mtu, anayetoroka shule, aliyeanza kutafuna muguka na wenzake wa bodaboda, huitwa mtundu na kuchapwa. Huenda ni mtundu kweli. Lakini huenda pia ni mgonjwa, na fimbo haitatofautisha.

Jinsi mashine inavyouliza

Yapo mambo mawili ambayo watu huyachanganya, na mkanganyiko huo huleta matatizo mengi. La kwanza ni kuchuja, la pili ni kutambua ugonjwa.

Kuchuja ni kama kupepeta ndengu. Unataka kutenga haraka zile zinazohitaji kuangaliwa tena. Hojaji inayotumika sana kwa kazi hiyo ni PHQ-9, yenye maswali tisa yanayofuata dalili zilizotajwa hapo juu. Kila swali hupewa alama kutoka 0 hadi 3 kulingana na mara ngapi dalili imemsumbua mtu katika majuma mawili yaliyopita. Jumla ya juu kabisa ni 27, na mara nyingi anayepata 10 au zaidi huitwa kwa mazungumzo zaidi. Kuna aina yake iliyorekebishwa kwa vijana. Hojaji hii inaweza kujazwa kwa kalamu au kwa simu, na humalizika kwa dakika chache.

Kutambua ugonjwa ni kazi ndefu zaidi. Hapo mhojaji hutaka kujua dalili ilianza lini, ilidumu muda gani, ilikuja pamoja na nini, na kama kuna ugonjwa mwingine unaofanana nao. Daktari aliyebobea hufanya hivyo kwa mazungumzo. Tatizo ni kwamba madaktari bingwa wa akili nchini Kenya ni wachache na wengi wao wako Nairobi, huku kaunti ya Kitui peke yake ikiwa na watu 1,136,187 kwa hesabu ya sensa ya 2019.

Ndiyo sababu watafiti walitengeneza mahojiano ambayo hata mtu asiye daktari anaweza kuyaendesha. Mojawapo ya yale yanayojulikana zaidi kwa watoto na vijana ni DISC, lililoanzishwa na Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani mwaka 1979 na kuendelezwa baadaye na kikundi cha David Shaffer katika Chuo Kikuu cha Columbia. Kila swali limeandikwa neno kwa neno na husomwa jinsi lilivyo. Majibu mengi ni ndiyo au hapana. Ugumu wake uko katika matawi. Kijana akisema ndiyo kwamba amekuwa na huzuni, yanafuata maswali ya muda na kiwango. Akisema hapana, maswali hayo hurukwa na mhojaji huenda sehemu nyingine. Kwenye karatasi mhojaji hupotea njia kwa urahisi. Kompyuta haipotei: hufungua tawi linalofaa, hukumbuka kila jibu, na mwishoni hulinganisha majibu na vigezo vya ugonjwa. Toleo moja la DISC humruhusu kijana avae vipokea sauti masikioni, asikie swali likisomwa huku akiliona kwenye skrini, kisha abonyeze jibu mwenyewe. Mahojiano mengine maarufu ya madaktari wa watoto, K-SADS, nayo yamewekwa kwenye mtandao kwa namna tatu: moja ya mtaalamu, moja ya mzazi na moja ya kijana mwenyewe.

Wazo lenyewe ni kongwe kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1966 daktari Warner Slack wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alichapisha habari za kompyuta iliyochukua historia ya mgonjwa kwa kumuuliza maswali kwenye skrini. Wakati huo Kenya ilikuwa na miaka mitatu tangu ipate uhuru.

Kwa nini kijana humwambia mashine

Mtu mzima wa Ukambani akisikia kwamba mtoto anaeleza uchungu wake kwa kompyuta, jambo la kwanza ni kushangaa. Mashangazi na wajomba wamekwenda wapi? Swali ni la haki. Lakini fikiria anayeulizwa. Mhojaji akiwa mwalimu wake, kesho atakuwa mbele ya darasa. Akiwa muuguzi wa zahanati ya karibu, huenda ni rafiki wa mama yake, au wanakutana sokoni. Katika kijiji ambako kila mtu anajua ukoo wa kila mtu, siri ina njia nyingi za kutokea. Skrini haina shemeji. Haikunji uso, haishtuki, na haiharakishi kwa kuwa foleni ni ndefu.

Ushahidi upo, ingawa hauendi upande mmoja tu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1998 uliwahoji wavulana wa miaka 15 hadi 19 kuhusu mambo ya aibu, wengine kwa karatasi na wengine kwa kompyuta yenye sauti. Waliotumia kompyuta walikiri mambo hayo zaidi. Kenya nayo ilifanya jaribio kama hilo. Vijana ambao hawajaoa wala kuolewa, wa Nyeri na Kisumu, waliulizwa kuhusu mahusiano ya kimapenzi kwa njia tofauti, na matokeo yakachapishwa mwaka 2003. Kwa mambo yenye aibu kubwa zaidi, kompyuta ilipata majibu mengi zaidi. Kwa baadhi ya maswali mengine, kompyuta haikuonyesha faida hiyo. Jaribio hilo halikuhusu unyogovu, lakini funzo lake linafaa hapa: si kila kijana huona skrini kuwa salama kuliko mtu, na anayeendesha shughuli hii hana budi kumpa mtoto nafasi ya kuchagua.

Jambo jingine limeonekana mara nyingi. Mzazi huona vizuri yale yanayotokea nje, kama ugomvi, utoro na kutotulia. Yale ya ndani, kama kujilaumu au kutamani kufa, kijana ndiye anayeyajua. Ndiyo maana mahojiano mazuri humuuliza kila mmoja peke yake, na majibu yakitofautiana haimaanishi kwamba mmoja ni mwongo.

Kenya ilipowauliza vijana wake

Mahojiano ya aina ya DISC si jambo la ng'ambo tu. Mwaka 2021 kituo cha utafiti cha APHRC cha Nairobi, kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Queensland cha Australia na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, kiliendesha uchunguzi wa kitaifa wa afya ya akili ya vijana wa miaka 10 hadi 17. Kaya zaidi ya 5,000 zilishiriki. Katika kila moja alihojiwa kijana pamoja na mlezi wake, na toleo la tano la DISC ndilo lililotumika kutambua magonjwa. Uchunguzi kama huo ulifanywa pia Indonesia na Vietnam.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2022. Asilimia 44.3 ya vijana walikuwa na tatizo fulani la afya ya akili katika miezi 12 iliyotangulia. Waliofikia vigezo kamili vya ugonjwa wa akili, unyogovu ukiwa mmojawapo, walikuwa takriban mmoja kati ya 8. Tofauti ya takwimu hizo mbili ndiyo inayoonyesha kazi ya mahojiano marefu. Vijana wengi wana shida, wanahitaji kusikilizwa na kusaidiwa, lakini hawajafika kwenye ugonjwa. Hojaji fupi ikitumiwa peke yake ingeweza kuwaweka wote kwenye kapu moja. Ni sehemu ndogo tu ya vijana iliyokuwa imepata huduma yoyote.

Jirani zetu wa Makueni wana uzoefu wa karibu zaidi. Huko, shirika la utafiti la Africa Mental Health Foundation, lililoanzishwa na Profesa David Ndetei, liliendesha mradi uliojulikana kama TEAM. Wauguzi, maafisa wa kliniki, wahudumu wa afya ya jamii, na hata waganga wa kienyeji na viongozi wa dini waliowaombea wagonjwa, walifundishwa kutambua dalili za magonjwa ya akili na kuwaelekeza wagonjwa hospitalini. Mwongozo uliotumika ni mhGAP wa Shirika la Afya Duniani, ulioandikwa kwa ajili ya wahudumu wasio mabingwa. Mwaka 2018 watafiti wa shirika hilo walichapisha pia matokeo ya kupima unyogovu nchini Kenya kwa kutumia mwongozo huo ukiwa kwenye simu ya mkononi. Kuwaingiza waganga na wachungaji kulionekana ajabu kwa baadhi ya wataalamu. Kwa mtu anayeijua Ukambani, ajabu ingekuwa kuwaacha nje, kwa kuwa huko ndiko familia nyingi huanzia.

Pale mashine inapokosea

Turudi kwa yule msichana wa mfano, sasa akiwa ameketi mbele ya kishikwambi. Swali linamuuliza kama amekuwa akichoka au kukosa nguvu karibu kila siku. Anabonyeza ndiyo. Ni kweli: wakati wa kiangazi huamka kabla ya mapambazuko kwenda kuchimba maji mchangani kabla ya shule. Anaulizwa kama hamu ya chakula imebadilika. Ndiyo tena, unga umepungua nyumbani na yeye humwachia mdogo wake. Usingizi? Analala saa tano kwa kuwa anasoma baada ya kumaliza kazi za jioni. Kwa hesabu ya mashine tayari amekusanya dalili tatu, na zote tatu zina maelezo ambayo hayana uhusiano na ugonjwa.

Inawezekana pia kwamba anazo zile dalili nyingine, na kwamba njaa na uchovu ndivyo vilivyofungua mlango. Kompyuta haiwezi kulijua hilo. Mtu atakayekaa naye akamuuliza, "Hebu niambie siku yako inaanzaje," ndiye atakayejua. Vilevile ni mhudumu wa afya, si programu, atakayepima damu kuona kama ana upungufu wa damu, atakayeuliza kuhusu malaria, ujauzito, au kama kuna mtu anayemtesa.

Lugha ni mtego mwingine. Hojaji nyingi ziliandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza kina maneno ya huzuni ambayo yakitafsiriwa moja kwa moja huleta kicheko au kutoelewana. Mkamba mwenye unyogovu mara nyingi hasemi ana huzuni. Anaweza kusema moyo unamuuma, kichwa kinawaka, au kwamba anafikiria mno. Kwa hiyo hojaji inayofaa kwa Kitui inahitaji kutafsiriwa kwa Kikamba na Kiswahili, kisha mtu mwingine airudishe kwa Kiingereza bila kuona ya kwanza, kisha ijaribiwe kwa vijana wenyewe na kulinganishwa na uamuzi wa mtaalamu. Mzazi ana haki ya kuuliza kama hayo yamefanywa.

Halafu kuna hesabu, ambayo watu hawaipendi lakini ina maana kubwa. Chukua wanafunzi 1,000. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba 80 kati yao wana unyogovu kweli, na kwamba hojaji fupi inawanasa wagonjwa 80 kati ya kila 100 na kuwaacha huru wazima 80 kati ya kila 100. Hicho ni kipimo kizuri. Kati ya wagonjwa 80 itawanasa 64 na kuwakosa 16. Kati ya wazima 920 itawataja 184 kimakosa. Jumla ya watakaotajwa ni 248, na walio wagonjwa kweli ni 64, yaani karibu mmoja kati ya 4. Shule itakayochukua orodha hiyo na kuanza kuwaita wote 248 "wagonjwa" itakuwa imewakosea watoto 184, na itakuwa imewasahau wale 16 ambao mashine iliwapita. Orodha ya namna hiyo ni ya kuanzia mazungumzo. Mahojiano marefu hupunguza makosa hayo, lakini hayayaondoi.

Neno fupi pia kuhusu programu za simu zinazozungumza na mtu kama rafiki, ambazo vijana wengi wameanza kuzieleza shida zao. Hizo si mahojiano ya kitabibu. Mahojiano kama DISC yana maswali yaliyopangwa na kupimwa kwa miaka. Programu ya mazungumzo hutunga majibu papo hapo, na hakuna mhudumu wa afya anayesubiri upande wa pili. Kijana asitegemee utambuzi wa ugonjwa kutoka huko.

Baada ya kubonyeza "ndiyo"

Hapa ndipo penye uzito wote. Swali la tisa la PHQ-9 linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Kijana akijibu ndiyo saa nne asubuhi, na majibu yakasomwa Ijumaa ijayo ofisini, ni afadhali asingeulizwa. Amefungua mlango na hakuna aliyeingia.

Kwa hiyo swali la kwanza ambalo mzazi, mwalimu mkuu au kamati ya kituo cha afya inapaswa kuliuliza mradi wowote wa aina hii ni hili: nani ataliona jibu hilo siku hiyo hiyo, naye atafanya nini? Utaratibu unaokubalika ni kwamba mtu aliyefundishwa awe karibu wakati mahojiano yanaendelea, programu imwonyeshe mara moja jibu la hatari, naye azungumze na kijana faraghani kabla hajarudi darasani au nyumbani. Akiona hatari iko karibu, kijana haachwi peke yake. Mlezi anaitwa, na safari ya hospitali inaanza. Nyumbani, dawa za kunyunyizia mimea, dawa za mifugo na dawa za hospitali zifungiwe mahali ambapo hazifikiki.

Kijana hupaswa kuelezwa haya kabla ya kuanza. Anaambiwa kwamba majibu yake ni siri, isipokuwa pale maisha yake au ya mwingine yakiwa hatarini. Kumwahidi siri kamili kisha kuivunja ni kumfundisha asiseme tena.

Kuna hofu moja iliyozuia wengi kusema. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na familia ziliogopa kwamba kumpeleka mtoto hospitalini kungemfikisha polisi. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kabla ya hapo, mwaka 2022, Sheria ya Afya ya Akili ilikuwa imefanyiwa marekebisho yaliyozipa kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi.

Matibabu yenyewe hayatishi kama wengi wanavyodhani. Kwa vijana huanza na mazungumzo yaliyopangwa, kuihusisha familia, kumrudisha kijana kidogo kidogo kwenye shughuli alizoziacha, na kushughulikia kinachomwumiza, iwe ni karo, dhuluma au msiba. Mwongozo wa mhGAP hautaki watoto wa miaka 12 kushuka chini wapewe dawa za unyogovu, na kwa vijana wakubwa dawa hufikiriwa pale njia hizo zisipotosha, chini ya uangalizi wa mtaalamu.

Idhini na siri

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti, na inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla data ya mtoto haijashughulikiwa. Fomu ya idhini ikifika nyumbani, mzazi asome, au asomewe, hadi aelewe: nani anakusanya majibu, yatahifadhiwa wapi na kwa muda gani, nani atayaona, na mtoto anaweza kujiondoa vipi. Mtoto naye aulizwe kama anakubali. Mama kutia sahihi hakumlazimishi kubonyeza chochote.

Mambo madogo huharibu siri kuliko wadukuzi. Kishikwambi kimoja kinachopitishwa dawati hadi dawati huku jirani akichungulia. Vipokea sauti vilivyoharibika, swali likasikika bweni zima. Simu ya mhudumu ambayo watoto wake huchezea jioni. Jina la mwanafunzi likiwa limeandikwa juu ya majibu yaliyochapwa na kuachwa ofisini. Mahojiano yafanyike chumba chenye mlango, mmoja mmoja, na matokeo yasiingie kwenye ripoti ya shule wala kutumiwa kumnyima mtoto nafasi.

Mahali pa kuanzia

Mzazi hahitaji kusubiri kompyuta. Mkazi wa Matinyani anayeona dalili zilizotajwa zikidumu majuma mawili anaweza kumwambia mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea kijiji chake. Tangu Septemba 2023 wahudumu hawa, wanaojulikana kama CHP, wamepewa mikoba ya vifaa na simu za kunakili taarifa za kaya, nao huelekeza watu kwenye vituo. Anaweza pia kwenda moja kwa moja katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu na kuomba kuzungumza na muuguzi au afisa wa kliniki faraghani. Wanaohitaji uchunguzi zaidi huelekezwa Hospitali ya Kaunti Ndogo ya Kauwi au Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Kitui. Ni vyema kwenda na kijana mwenyewe, na kumpa nafasi ya kuingia peke yake kwa sehemu ya mazungumzo.

Kabla ya safari hiyo, mzazi anaweza kuketi na mtoto jioni kazi zikiisha na kumuuliza kwa maneno yake mwenyewe: umekuwaje siku hizi, nini kinakulemea, kuna wakati umefikiri ni heri usiwepo? Asikilize bila kukatiza na bila kumlinganisha na ndugu zake. Jibu likiwa la kuogofya, asimwache peke yake usiku huo.

Simu za msaada hazitozwi malipo: 116 ya watoto, na 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya kwa ushauri wa kisaikolojia. Kijana anaweza kupiga mwenyewe, na mzazi anaweza kupiga kwa niaba yake.